Naomba ushauri: kutangaza keki WhatsApp bila kuwa kero

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine habari za leo.

Nauza keki za oda. Status naweka picha tatu kwa siku, zinajifuta baada ya saa 24, na asiyetaka ananiweka kimya. Zikizidi kumi hakuna anayefika ya mwisho; vile vistari vya juu vikishakuwa kama mshono wa cherehani, mtu anaruka.

Ugumu ni kwamba tangazo la broadcast (ujumbe mmoja unaoutuma kwa orodha ya watu, kila mmoja anaupata inbox kwake) haliwafikii ambao hawajasevu namba yangu, na orodha moja inaishia watu 256. Ndiyo maana natazama magrupu.

La wazazi wa darasa nilimwomba admin kwanza. Karuhusu Jumamosi, posti moja: picha ya keki halisi (si ya kuokota mtandaoni), bei kwa kilo, siku za kutoa oda. Bei naiandika palepale, maana "njoo inbox" inaudhi watu.

La ukoo ndilo limenikwamisha. Kuna msiba, na orodha ya michango bado inapandishwa kila jioni. Keki ya birthday chini ya majina ya waliotoa rambirambi, hapana kwa kweli.

Naomba kujua:

1. Kwenye grupu la ukoo nisubiri hadi arobaini ipite, au nimwombe mzee anayeliongoza aniambie mwenyewe?

2. Mteja aliyenunua mara moja, naweza kumfuata inbox kwa tangazo, au niombe ruhusa siku ileile ninapomkabidhi keki?