Mrejesho: tokeni za kuonyesha hali ya vikosi mezani

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kufuatilia hali ya kila kikosi kwenye mchezo wa vita wa visanamu bila kuijaza meza vikorokoro: kipi kimeshapewa amri, kipi kimebanwa na risasi.

Ushauri ulionifaa zaidi ni wa kutenganisha alama za raundi moja na zile zinazobaki. Tunacheza Bolt Action, na humo dadu ya amri inatosha: ikiwekwa kando ya kikosi, upande wa juu unaonyesha amri kilichopewa, basi, hakuna haja ya tokeni nyingine. Alama za kubanwa ndizo zenye uzito, maana kila moja inakipunguzia kikosi pointi ya ari kinaporushiwa dadu kuona kama kitatii amri.

Hizo nimezikata kwenye plastiki nyembamba, nikazipaka rangi ya udongo ifanane na vibao vya chini vinavyosimamishia visanamu. Namba ya kuonyesha kikosi kina alama ngapi ni nyeupe na kubwa, ili mpinzani aisome akiwa upande wake. Hapo sina mjadala: hali ya kikosi ni haki ya wachezaji wote kuiona. Kuhesabia alama kwa dadu ya kawaida, nimeacha kabisa. Mtu anaiokota airushe, hesabu imepotea.

Aliyependekeza trei ya kikosi yenye tundu la kuchomekea alama, ahsante sana. Kikosi kikisogea, alama inakwenda nacho. Magari yaliyoteketea nayawekea moshi wa pamba tu.