Ukoo wa Chumbageni

JUMATATU

Dada Mwajuma, 19:42
Assalaam aleikum wote. Wageni wa posa ya Nasra ni Jumamosi baada ya Laasiri, na watafikia kwa Zuhura Upanga, maana kwangu mafundi wameshaezua bati. Leo nimepita pale. Mkono wa kushoto wa kochi kubwa la Mama umechanwa na paka wake Kashata mpaka sponji inaonekana, nyuzi zimening'inia kama ndevu za muhindi. Nataka jambo hili tulimalize usiku huu huu.

Dada Mwajuma, 19:43
[picha]

Dada Mwajuma, 20:05
Naona watu 9 wameshasoma.

Dada Mwajuma, 20:20
Zuhura

Hamisi, 20:31
Waaleikum salaam dada. Hiyo posa ni ya Nasra au ya Kashata? Naona yeye ndiye aliyejiandaa, kucha zote amezinoa 😂

Dada Mwajuma, 20:32
Hamisi sio leo.

Zuhura, 20:58
Nilikuwa jikoni dada. Ni kweli amelichana. Nimemfukuza, nimempigia makofi, nimemnyunyizia maji. Nikigeuka tu amerudi palepale.

Dada Mwajuma, 20:59
Basi mtoe nje hadi Jumapili. Paka ni paka, atajitafutia.

Zuhura, 21:01
Ghorofa ya tatu, chini ni Barabara ya Umoja wa Mataifa. Mnajua wenyewe yaliyompata yule paka Mfalme. Hatoki huyu.

Saidi, 21:15
Paka pilipili hapo kwenye mkono wa kochi. Sisi kwenye nguo za watoto tulifanya hivyo wakaacha kunyonya.

Mama Shamsa, 21:17
Au mafuta ya karafuu. Panya wenyewe hawaisogelei.

Rehema, 21:24
Jamani msifanye yote mawili, tafadhali. Pilipili itamwingia machoni akijisafisha uso. Mafuta ya karafuu kwa paka ni sumu, ini lake haliwezi kuyasaga kama letu. Akiyalamba mwilini mwake tutakuwa na msiba mwingine juu ya posa.

Hamisi, 21:25
Daktari amefika, tusimame 🫡

Dada Mwajuma, 21:26
Rehema wewe ndiye uliyesomea mifugo Morogoro. Tuambie la kufanya, sio la kutofanya. Na zile kucha si zing'olewe tu?

Rehema, 21:34
Haziwezi kung'olewa dada. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. Kuutoa ni kukata mfupa wenyewe, ni kama mtu akukate vidole vyako kumi kwenye kiungo cha juu. Kinachokatwa ni ile ncha nyeupe tu, kwa mkasi wa kucha. Ukiangalia kwenye mwanga utaona sehemu ya waridi ndani, hiyo ina damu, usiiguse.

Rehema, 21:36
Zuhura, ushawahi kuokota vitu kama maganda ya mpunga chini ya kochi?

Zuhura, 21:38
Kila nikifagia! Vidogo, vimepinda, ndani vitupu. Nilidhani ni wadudu.

Rehema, 21:41
Ni ganda la nje la ukucha. Likichakaa anaparura ili livuke, ukucha mpya ubaki. Tena anajinyoosha mgongo, na chini ya vidole ana harufu yake anaiacha pale. Ndiyo maana anachagua kochi mnalokalia, sio ukuta wa chooni. Hawezi kuacha kuparura. Mpe pengine pa kuparura panapompendeza kuliko kochi.

Zuhura, 21:43
Nilishamnunulia kigogo dukani. Hakitazami.

Rehema, 21:43
Kina urefu gani na umekiweka wapi?

Zuhura, 21:45
Kinanifika gotini. Kipo nyuma ya mlango wa stoo.

Rehema, 21:49
Basi hapo hana kosa. Kifupi, hawezi kujinyoosha. Kipo stoo, huko hakuna mtu wa kumwona. Na naamini akikigusa kinayumba. Kigogo kiwe sentimita 90 hivi, kitako kizito kisitikisike, kivingirishwe kitu kinachoshika kucha, kikae kando ya mkono wa kochi anaouchana. Akishakizoea mwezi hivi ndio unakisogeza kidogokidogo.

Dada Mwajuma, 21:50
Kando ya kochi? Wageni wakute gogo sebuleni?

Saidi, 22:10
Samahani nichomekee moja. Hivi nani aliamua makochi ya Mama yakae kwa Zuhura? Siku ya arobaini tulikubaliana yabaki Chumbageni.

Dada Mwajuma, 22:11
Saidi usianze.

Saidi, 22:13
Sianzi. Nauliza. Kama cherehani ninavyoiuliza kila mwaka na hakuna anayejibu.

Hamisi, 22:14
🏃🏾‍♂️

Zuhura, 22:20
Kitambaa kile cha mahameli nilikibadilisha kwa pesa yangu, kaka. Wote mliahidi kuchanga. Nilisubiri miezi minne nikamlipa fundi wa Keko mwenyewe.

Dada Mwajuma, 22:21
Tunazungumzia Jumamosi!

Baba Nasra, 23:47
Aamin 🤲🏾

JUMANNE

Mjomba Athumani, 06:10
Assalaam aleikum wanangu. Mjukuu ndiye ananiandikia, macho yangu mnayajua. Nimesomewa yote toka jana.

Mjomba Athumani, 06:14
Mama yenu alilikalia kochi hilo miaka 20 na paka mapajani. Sikumsikia siku moja akihesabu nyuzi. Na cherehani aliniambia mimi iende wapi, akiwa kitandani hospitali ya Bombo. Nitasema tukionana, sio kwenye simu.

Mjomba Athumani, 06:19
La paka. Mtume wetu s.a.w. ametuhadithia mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa, hakumpa chakula wala maji, wala hakumwacha akale wadudu wa ardhi. Zuhura, wewe unamlisha, Mungu akulipe. Lakini umemfungia. Huko nje angewinda, angepanda mti, angenoa kucha kwenye gome. Umeuchukua ulimwengu wake wote, basi una deni la kumletea mwingine humo ndani. Ukishindwa mlete kwangu, hapa kuna mwembe.

Zuhura, 09:32
Shikamoo mjomba. Nimesikia.

Rehema, 09:50
Shikamoo mjomba. Ni kweli kabisa.

Hamisi, 10:15
Shikamoo mjomba.

Mama Shamsa, 11:02
Shikamoo kaka. Umesema.

Mjomba Athumani, 12:40
Marahaba. Na hicho cha kuvingirisha kwenye kigogo, mbona mnanishangaza. Watoto wa Tanga hamjui katani? Mkonge umepandwa mkoani kwetu tangu 1893. Mimi nimekula ugali wa korona, yaani kiwanda cha mkonge, kule Ngombezi miaka 31. Mchukue kamba ya singa, yaani nyuzi za katani, sio ya nailoni. Ya singa inashika ukucha, kisha inakatika unyuzi kwa unyuzi, paka anaona kazi yake. Izungushwe ikiwa kavu, ivutwe kwa nguvu, kila mzunguko ulale juu ya mwenzake bila nafasi.

Dada Mwajuma, 12:44
Marahaba mjomba. Samahani, SHIKAMOO mjomba 🙈 Saidi uko Tanga, nunua leo upakie kwenye basi. Mita ngapi Rehema?

Rehema, 13:05
Kigogo cha unene wa sentimita 10, kamba ya milimita 8, uvingirishe sentimita 80. Hiyo ni mizunguko 100. Mita 35 hazitazidi sana. Gundi ya mbao, na msumari mmoja juu mmoja chini, vichwa vizame kabisa.

Hamisi, 13:07
Mita 35! Hiyo kamba tunamfungia paka au meli bandarini?

Dada Mwajuma, 13:08
Kila mtu atume elfu tano kwa Saidi kabla ya Magharibi.

Dada Mwajuma, 18:50
Waliotuma: mimi, Rehema. Wengine?

JUMATANO

Zuhura, 21:20
Rehema nimefanya ulivyoniambia simuni. Unyoya wa kuku kwenye ufito wa mnazi. Nisimpelekee usoni, niukimbize mbali naye kama panya anayejificha nyuma ya mto. Alichuchumaa, makalio yanatikisika, macho meusi yote! Dakika kumi tu akaanza kuhema. Nikamwachia aukamate, halafu dagaa wake. Sasa amelala juu ya friji, kochi hajaligusa toka Magharibi.

Rehema, 21:31
Mashallah. Fanya hivyo Alfajiri kabla hujaenda kazini na tena jioni, ndio saa zake za kuwinda. Ukimaliza funga kabatini, usimwachie uzi wala kamba akiwa peke yake. Uzi ukimezwa unamkata utumbo.

Zuhura, 21:33
Na kiti nimekisogeza dirishani, wavu wa dirisha nimeukaza. Kutwa anawatazama kunguru, taya linamtetemeka tktktk. Bado boksi la tende, nimelitoboa matundu nimemfichia dagaa ndani.

Hamisi, 21:40
Paka ana ratiba kunishinda.

Dada Mwajuma, 21:41
Mkono wa kochi je?

Zuhura, 21:44
Nimeuvisha nailoni nene nikaibana kwa gundi ya karatasi. Inateleza, kucha haishiki. Jumamosi asubuhi nitaivua nitandike kitambaa cha Mama, kile cha kudarizi.

Dada Mwajuma, 21:45
Kile kiko kwangu.

Saidi, 21:52
Kumbe.

ALHAMISI

Dada Mwajuma, 08:00
Saidi kamba imepakiwa?

Dada Mwajuma, 10:30
Saidi

Saidi, 12:15
Imepakiwa basi la asubuhi. Zilifika elfu kumi na tano, nyingine nimeongeza. Mjomba naye katuma machungwa ya Muheza kwa wageni. Anasema mkishayala, maganda myaweke chini ya kochi, paka hapendi harufu yake.

Dada Mwajuma, 12:16
Hamisi utapokea Mbezi.

Hamisi, 12:40
Mimi? Nina kazi hadi saa kumi.

Dada Mwajuma, 12:41
Basi linafika saa kumi.

Baba Nasra, 14:22
Samahani nimechelewa kusoma. Wageni watakuwa 14 sio 8. Na shemeji yao hawezi kukaa na paka, anapata mafua.

Dada Mwajuma, 14:23
SUBHANALLAH. Sasa hivi?

Zuhura, 14:40
Kashata simfungii chooni. Mjomba mmemsikia wote.

Rehema, 14:48
Chumba changu kipo wazi Jumamosi, ila nina mbwa.

Hamisi, 16:35
Niko Mbezi. Konda ana mifuko miwili ya Tanga. Mmoja umeandikwa Mwajuma, ndani machungwa. Mwingine hauna jina na umefungwa kwa kamba ya katani. Hiyo kamba ndio yenyewe au ni ya kufungia mzigo wa mtu?

Dada Mwajuma, 16:36
Saidi??

Hamisi, 16:44
Konda anataka kuondoka.