Dungusi refu laoza chini, laokoka hili?

Kijana wa Kongowea: Assalaam alaykum. Dungusi la futi 7 kando ya ukuta. Tangu mvua za Mei shina limekuwa kahawia chini, upande mmoja kidole kinazama, na linatoa maji meusi yenye harufu mbaya. Nimepaka majivu, wapi! Nimwagie dawa gani?

Bustani Pwani: Waalaykum salaam, ndugu. Ukahawia mgumu kama gome ni uzee tu, uache. Panapobonyea na kunuka ni bakteria, nao huingilia jeraha. Mara nyingi ni fyekeo lililogusa shina wakati wa kukata nyasi. Majivu yamekaa juu, wao wako ndani. Chukua kisu kilichopanguswa spiriti, chimba mpaka nyama safi isiyo na doa, kisha ongeza sentimita 1. Osha kwa jiki kipimo 1, maji 9. Tundu liinamie nje maji yasituame, na liache wazi. Usizibe kwa saruji wala udongo!

Mama Miba: Hayo ni kama uozo uko upande mmoja. Ukizunguka shina, usihangaike na chini: kata juu yake. Tazama ule mduara wa katikati. Ukiwa na vitone vyekundu au kahawia, panda juu ukate tena, kisu ukikipangusa kila mara. Kipande kikae kivulini wiki 3 au 4, kidonda kikauke kama ngozi ya ngoma, ndipo kipandwe. Maji usitie hadi kishike mizizi. Na likitoka utomvu mweupe kama maziwa, hilo si dungusi, ni mnyaa au ndugu yake: linda macho.

Kijana wa Kongowea: Shukran. Nipande kwenye mchanga wa ufuoni?

Bustani Pwani: La, una chumvi. Changanya mchanga mnene wa mjengo debe 2, udongo mwekundu 1, kokoto ndogo 1, uinue tuta sentimita 30, mbali na maji ya paa. Masika usimwagilie kabisa. Kaskazi, mara moja kwa wiki 2 au 3. Dungusi hufungua vinyweleo, vile vitundu vyake vya kupumulia, usiku, kwa hiyo usiku wa joto hulichosha. Huko Phoenix, Arizona, mwaka 2023 joto lilipita nyuzi 43 siku 31 mfululizo, na saguaro, yale madungusi makubwa ya huko, zikaanguka jangwani kwao. Huo ukuta wako ukipigwa na jua la alasiri hutoa joto usiku kucha. Lisogeze mita 1 na nusu.