Kikundi: Ukoo wa Mwakirunge 🌴

Mwanajuma: Jamani nisaidieni upesi. Twaha kavunja kijiti cha mnyaa hapa uani, maziwa yake yamemrukia jichoni. Yuwalia, hafungui.

Shangazi Rukia: Ya rabbi! Mtie maziwa ya mama, mke wa Khamisi si ananyonyesha?

Halima: Shangazi, niwie radhi, maziwa hapana! Maji, tena mengi. Mlaze ubavu, jicho bovu liwe chini, mfunue kope umimine polepole robo saa nzima. Wewe nawa kwanza kwa sabuni. Asilifikiche.

Mwanajuma: Ya kisima yana chumvi

Halima: Ya kunywa ndiyo bora. Kama hayapo mwagia hayo hayo, usingoje.

Ami Said: Ua huo nimeupanda mimi na marehemu baba, kuzuia mbuzi. Siku ya kuupogoa alitufunga leso usoni, na twasimama upepo ukiwa mgongoni. Si mti wa kuchezea.

Khamisi: Kumbe ndio ule wa kuvulia samaki?

Ami Said: Mnyaa nao huwalewesha, lakini wenyewe wa kazi hiyo ni utupa. Majani yapondwa, yatiwa vidimbwini maji yakipwa, mara samaki waelea matumbo juu. Hata vile vidagaa visivyofaa kitu vyafa. Siku hizi ni marufuku, usije ukaniponza.

Mwanajuma: Jagi la nne hili. Kafungua kidogo, jekundu kama pilipili

Halima: Endelea, kisha hospitali ya Makadara moja kwa moja, hata akinyamaza. Mnyaa huzidi kuchoma baada ya saa kadhaa. Piga picha huo mti, daktari auone.

Shangazi Rukia: Haya, nimekoma na maziwa yangu 🙈 Lakini Khamisi, kile kikuku cha binti yako, punje nyekundu zenye doa jeusi, si mturituri?

Khamisi: Ndio, nilimnunulia ufuoni. Chapendeza

Halima: Mvue sasa hivi! Punje isiyotobolewa ikimezwa nzima huenda ikapita tu, kwa ganda lake gumu. Akiitafuna, moja yaweza kumuua.

Khamisi: Nishakitupa

Halima: Wapi?

Khamisi: Nyuma ya jikoni

Halima: Khamisi! Zitaota! Kaokote, uhesabu.

Mwanajuma: Tuko Kongowea, jamu ya daraja. Kalala mapajani.

Ami Said: Mwambie babu yake yuwaja kesho na panga, ua wote chini.

Mwanajuma: Na leso, ami.