Mtoto anajua jibu ila hasemi darasani, alama zinashuka. Wazazi mlioko Ujerumani naombeni ushauri

Mama Nasra (Köln)
Habari za jioni ndugu zangu. Tuko Köln mwaka wa tatu sasa. Nasra yuko darasa la nne, na huku darasa la nne ndiyo njia panda. Ripoti ya katikati ya mwaka inakuja na pendekezo la shule ya kuendelea: Gymnasium, ile ya wanaoelekezwa chuo kikuu, au nyingine. Mitihani ya kuandika anapata 1 na 2 (huku 1 ndiyo ya juu, 6 ya chini). Kwa mdomo mwalimu anampa 4, na kuongea darasani kunahesabiwa kwenye alama ya somo, wala si kidogo.

Siku wazazi tulipokaribishwa darasani nilijionea. Mwalimu aliuliza kwa nini barafu inaelea. Wenzake wakanyoosha vidole, maana huku wananyoosha kidole cha shahada tu, si mkono mzima. Nasra aliandika jibu kwenye daftari, sahihi kabisa, akalifunika kwa kiganja na kuinamisha kichwa. Njiani nikamuuliza mbona hukusema? Akanijibu, "Mama, si ulisema mkubwa akiongea mtoto ananyamaza?"

Iliniuma. Ni kweli nilisema, nami nililelewa hivyo Tanga. Bibi yake akipiga simu anamsifia utulivu huohuo. Nitamfundishaje kusema bila kumpotezea adabu?

Baba Pacha (München)
Pole dada. Ila huko kwenu una nafuu, pendekezo ni ushauri, mwenye kuamua ni mzazi. Huku jimbo la Bavaria wastani wa Kijerumani, Hisabati na somo la mazingira ukizidi 2.33, mtoto haingii Gymnasium moja kwa moja, mpaka afaulu masomo ya majaribio.

Sisi tulianzia mezani. Kila usiku mmoja wa pacha lazima apinge jambo nililosema na atoe sababu. Wiki ya kwanza walinitazama tu, walidhani nawatega. Kisha tukakubaliana na mwalimu wao: kidole juu mara mbili kwa siku, hata kama jibu si sahihi.

Mwalimu wa Moro
Mama Nasra, nafundisha shule ya msingi hapa Morogoro, darasa langu lina watoto 94. Nikiuliza "Tumeelewa?" wanaitikia "Ndiyooo!" wote kwa pamoja. Lakini nikiuliza swali lenye jibu, wanarukaruka, "Mwalimu mimi! Mwalimu mimi!" Hao nao wamefundishwa kuamkia na kunyamaza mbele ya wakubwa. Kwa hiyo sidhani kama tatizo ni adabu, na nakuomba usimwambie kwamba malezi ya nyumbani ndiyo yamemponza. Ninachokiona mimi kwa mtoto anayefunika daftari ni woga wa kuchekwa. Muulize kwa upole, ukiwa unamsuka, si mezani mbele ya watu.

Shangazi wa Dortmund
Mimi naona mnaikimbilia mno Gymnasium. Kijana wangu alikwenda Gesamtschule, wanakosoma wa viwango vyote pamoja, akafanya Abitur, mtihani wa mwisho wa kuingilia chuo kikuu, palepale. Alipewa miaka ya kukomaa. Mtoto mwenye miaka mitatu tu ndani ya Kijerumani, mbona mnamhukumu akiwa na miaka kumi? Kaitembelee siku ya milango wazi kabla hujaamua.

Mama Nasra (Köln)
Asanteni sana, nimesoma zote. Mwalimu, nilimuuliza jana nikiwa namsuka. Alikaa kimya hadi mstari wa tatu. Kisha akasema alipokuwa darasa la pili aliambiwa asome kwa sauti, akakwama kwenye Eichhörnchen, yaani kindi, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo. Na mimi miaka yote hii nikijisifu kwamba nina mtoto mtulivu.

Alhamisi naonana na mwalimu wake, nitaomba aanze kusema kwenye kikundi cha watoto watatu au wanne kwanza. Shangazi, Gesamtschule ya jirani nitaitembelea. Bibi yake nitampigia mwenyewe.