Mtayarishaji wa muziki wa jukwaani TV ya umma: nifuate njia ya Austin au ya BBC?

FundiMaiki: Heshima kwenu wakuu. Ni fundi mitambo upande wa sauti hapa Dar, mwaka wa nne huu, na nataka kupanda niwe mtayarishaji wa vipindi vya muziki wa jukwaani. Nimefuatilia vipindi viwili: Austin City Limits cha PBS, mtandao wa TV za umma Marekani, kule Texas, na Later... with Jools Holland cha BBC. Kile cha kwanza, msanii mmoja au wawili wanachukua saa nzima. Cha pili, bendi kadhaa zimejipanga duara kwenye studio moja na zinapiga kwa zamu. Anayeanza ashike kipi?

Binti Msasani: Austin. Msome Terry Lickona. Alitokea kwenye utangazaji wa redio, akashika utayarishaji mwaka 1978, akadumu miongo. Kipindi kilianza na rekodi ya majaribio ya Willie Nelson, Oktoba 1974, na kilijulikana kwa kantri. Yeye msimu wake wa kwanza tu akamleta Tom Waits, baadaye Ray Charles. Na hawakuwa na jumba kubwa: studio ya ghorofa ya sita pale chuo kikuu, ule mji unaowaka taa nyuma ya jukwaa ni wa kutengeneza. Ukumbi mkubwa wameupata 2011.

Mzee wa Mezani: Dada, nakuheshimu, ila shule ni BBC. Tangu 1992 wanaweka bendi zote chumba kimoja, zinatazamana. Kila moja lazima ipimwe sauti mapema, maana kipindi kikianza hakuna kuhamisha vyombo. Ngoma za huyu zinaingia kwenye maiki ya yule, na kamera zikigeuka zinakutana uso kwa uso. Mwaka 2008 wakaongeza toleo la mubashara. Kijana aliyepita hapo hababaiki popote.

Mwana wa Vuga: Hapo kwa mbinu sibishi, mzee wangu. Lakini tazama muziki wetu. Niliwahi kushiriki kurekodi taarab kwa stesheni moja, sitaitaja. Wimbo wa dakika kumi na nne. Akina mama wameshanyanyuka, noti mkononi, wanakwenda kumtunza mwimbaji, mwongozaji akakata, eti muda. Nyumbani watu waliona mwanzo tu, utamu hawakuuona. Yule mwimbaji aliniuliza, "Mwanangu, nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo linaniuma. Dansi ndiyo kabisa: mashairi kwanza, chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, baadaye. Ukiipa dakika nne umeiua. Kwetu sisi, saa nzima kwa kundi moja.

Mzee wa Mezani: Hilo la chemko nakubali. Enzi za RTD, yaani Radio Tanzania, bendi iliingia studio nzima na ikapiga pamoja, nasi tulijua pa kungoja. Basi aanze na Austin, ila upimaji wa sauti auchukue BBC.

Otieno254: Kaka, mshahara wa TV ya umma ni mdogo. Usiache kazi za harusi kwanza.

FundiMaiki: Shukrani wote. Mwana wa Vuga, nitaanzia kwako. Jumamosi kuna kikundi cha taarab kinafanya mazoezi Kariakoo. Sipeleki kamera. Nitakaa mpaka wimbo wa mwisho, nione wanaotunza wanapandia upande gani wa jukwaa, ndipo nijue maiki na kamera zikae wapi.