Soriasisi mwaka wa sita: nitarajie nini huko mbele?

Muulizaji: Habari zenu, ndugu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina umri wa miaka 34, na huu ni mwaka wa sita tangu nipate soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka na magamba, ulioanzia viwikoni ukapanda hadi kichwani, ambako magamba yake hunidondokea mabegani ninapoandika ubaoni, na wanafunzi hudhani ni vumbi la chaki. Daktari aliniambia kwamba ugonjwa huu hauponi, lakini hakunieleza utanifikisha wapi. Nikijaaliwa kufika miaka 60, nitakuwa katika hali gani?

Jibu la kwanza: Pole, mwalimu. Ninao kwa miaka 22, na kwangu huja na kuondoka; niliwahi kukaa miaka mitatu bila baka hata moja, kisha nikaugua koo, na baada ya wiki mbili vidoa vikaenea mwilini. Kosa langu kubwa lilikuwa vidonge vya prednisolone (dawa ya steroidi) nilivyonunua dukani bila cheti: ngozi ilitakata upesi, lakini nilipoviacha ghafla ugonjwa ulirudi na vipele vya usaha, nikalazwa.

Jibu la pili: Nahudumu katika kliniki ya ngozi. Mwalimu, wengi huzeeka nao, wala hauambukizi. Mabaka yakitulia huacha weusi unaofifia kwa miezi, jambo ambalo wagonjwa hulichukulia kimakosa kuwa dawa imeshindwa. Ninachohofia zaidi ni viungo, kwa kuwa hadi watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi hupata yabisi inayotokana nayo, yaani viungo kuvimba, kuuma na kukakamaa, mara nyingi miaka kadhaa baada ya ngozi kuanza. Moyo nao huwa hatarini, hasa ugonjwa unapokuwa mkali, kwa hiyo pima presha, sukari na uzito kila mwaka. Hebu zitazame kucha zako, maana nazo huweza kuashiria kwamba viungo vimo hatarini.

Muulizaji: Nashukuru. Kucha ya gumba la kulia ina vishimo kama vilivyotobolewa kwa pini, na asubuhi vidole hukakamaa hata kushika chaki ni taabu hadi kipindi cha pili. Nilidhani ni baridi tu.

Jibu la pili: Basi usingoje miaka 60. Nenda mwezi huu kwa daktari wa ngozi au wa viungo (katika hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi), umweleze hayo mawili kabla ya habari za magamba. Zipo dawa, kama methotrexate inayomezwa mara moja tu kwa wiki, ambazo huweza kusaidia viungo visiharibike; kiungo kilichokwisha kupinda, dawa hizo hazikinyooshi.